Supavaiza hakuniweka kwenye pepa, mradi unaisha, na kampuni ya viuatilifu inaniita. Niache utafiti?

Shikamoo dada,

Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika sijawahi, kawaida nasoma zile za mawifi na michepuko nacheka naendelea na mambo yangu, leo zamu yangu imefika. Nina miaka 27, nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, bioteknolojia na sayansi za maabara, nikatoka na GPA ya 3.6 ambayo sio mbaya ila sio ile ya kubakizwa chuoni. Baada ya hapo nikakaa nyumbani natuma maombi ajira pota kama vijana wote mpaka nikapata sehemu ya kujishikiza, kituo kimoja cha utafiti huku Pwani (naomba nisikitaje maana tunajuana), kwenye mradi wa magonjwa ya mihogo, batobato na michirizi ya kahawia. Kwenye mkataba naitwa msaidizi wa utafiti lakini kiukweli mimi ndio fildi, mimi ndio maabara, mimi ndio naenda kununua maji ya kunywa ya timu.

Kazi yenyewe nikuelezee kidogo. Tunatoka alfajiri, tukifika shambani naingia kwenye mistari nageuza majani matano ya juu ya kila shina, taratibuu, nahesabu inzi weupe, hao ndio wanaosambaza virusi vya magonjwa haya, waliojificha chini ya jani, ukichelewa jua likapanda basi ukigusa tu wote wameruka. Halafu kila shina unalipa alama kuanzia 1 mpaka 5, moja halina dalili, tano limekwisha habari yake. Wakati wa kuvuna tunang'oa, nakata mizizi vipande kama nataka kukaanga chipsi za muhogo, naangalia ule ukahawia mkavu wa ndani, napo alama 1 mpaka 5. Majani mengine yanaenda maabara nasaga, natoa RNA (chembe za vinasaba), napiga PCR, kipimo cha kuonyesha kirusi kipo au hakipo, siku umeme ukikatika katikati unarudia yote.

Watu wanaona kazi ya kuchosha, mimi naipenda dada, naipenda mpaka najishangaa. Kuna bibi mmoja kijiji tunachoenda, shamba lake majani yana njano zote za ule ugonjwa wa michirizi, ukiangalia unasema huyu msimu huu hana kitu, ukichimba mizizi mieupee safi. Jirani yake majani yamependeza, ukikata muhogo umeoza ndani mpaka unaogopa kumwambia. Nimelala nalo hilo swali. Nikimuuliza supavaiza anasema jaza fomu kwanza tutaongea, mpaka leo hatujaongea.

Sasa matatizo yangu ni haya. Mikataba yetu ni ya miezi sita sita, na tumeshaambiwa Desemba mradi ndio mwisho, mfadhili haendelei. Mshahara laki sita na nusu, HESLB, bodi ya mikopo, wanakata asilimia 15 yao, nikilipa chumba na kutuma kidogo nyumbani nabaki naungaunga. Juzi kati naperuzi nikakuta pepa ya utafiti imetoka, imetumia data zetu, zile nilizohesabu mimi kwa mikono yangu, majina sita hapo juu na langu halimo. Kule mwisho kabisa wameandika wanawashukuru wafanyakazi wa shambani. Wafanyakazi wa shambani, basi. Niliumia siku hiyo sikula.

Wakati huohuo kuna kampuni ya viuatilifu imeniita, afisa mauzo kanda ya Morogoro na Pwani, mkataba wa kudumu, milioni moja na laki mbili, kamisheni na pikipiki juu. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yeye kasikia neno kudumu kashamaliza, ananiambia unasoma mpaka lini mwanangu, wenzio wanajenga. Mama yeye yuko upande wangu mpaka ananitisha, anasema kama shida ni ada ya masta yuko tayari kuuza kiwanja cha Mlandizi. Supavaiza naye alishasema nikijitafutia ada atanisimamia. Mchumba anasema nitakachoamua sawa ila naona ameshaanza kuuliza pikipiki ni aina gani.

Ndoto yangu ni kuwa mtafiti kabisa, yani mwanasayansi mwenye swali lake. Nichukue hela ya kiwanja nikasome? Niende kampuni nisahau? Na hilo la pepa nilisemee au nikae kimya nisije nikakosa hata barua ya utambulisho? Naomba uniambie ukweli hata kama utauma.

Mhesabu Inzi, Pwani

---

Marahaba mdogo wangu, Mhesabu Inzi.

Kiwanja kisiuzwe. Hilo tulimalize kwanza kabla sijasahau maana najua mama zetu wakishasema wameshasema, kesho yuko kwa dalali. Mpigie leo umwambie dada amekataa.

Sababu sio kwamba masta haina maana, sababu ni kwamba masta ya utafiti haiendeshwi na ada peke yake na hili watu hawaambiwi. Mwaka wa kwanza unakaa darasani, hapo ada inatosha. Mwaka wa pili ndio unaingia kwenye utafiti, na utafiti wa aina yako unataka vifaa na kemikali za kutolea RNA na za kupigia PCR, vitu vinavyoagizwa nje kwa dola na vingine vinatakiwa vifike kwenye barafu, unataka gari la kwenda fildi na dereva na posho yake, unataka kupeleka sampuli zikasomwe mpangilio wa vinasaba. Kiwanja cha Mlandizi kitalipa ada kitaishia hapo, halafu unakuwa mitihani umefaulu yote na tasnifu haisogei. Wako wengi waliokwama hapohapo, wanaitwa wanafunzi wa masta miaka mitano. Supavaiza anayekwambia jitafutie ada nitakusimamia anakupa kile ambacho kwake ni bure. Muulize swali moja tu, je utafiti wangu utalipiwa na fungu gani? Kama hana jibu basi na nafasi hana.

Kwa hiyo kanuni yangu, ukisoma masta ya sayansi soma ya kulipiwa, iliyofungwa kwenye mradi wenye hela ya kazi yenyewe. Zipo. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika kwa ajili ya kilimo, ambao makao yao yako Makerere kule Kampala wamekuwa wakitoa fedha za utafiti kwa wahadhiri wa vyuo vya kilimo, SUA ikiwemo, na hela hizo zinabeba wanafunzi ndani yake. DAAD, shirika la skolashipu la Ujerumani, wana ule mpango wa kusoma hapahapa Afrika bila kwenda Ulaya. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo yenye kituo pale Mikocheni, Dar, wamekuwa wakichukua wanafunzi wa masta na PHD kwenye miradi yao ya mihogo, na hao mihogo ndio maisha yao. GPA yako ya 3.6 usiionee aibu, kwa masta inatosha kabisa, mlango unaokubania ni ule wa kufundisha chuoni maana matangazo ya tutorial assistant, yani mhadhiri msaidizi wa kuanzia, mengi huwa yanataka 3.8, sasa huo mlango usikae ukausubiri. Mbele ya safari ukifika PHD kuna OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea lenye ofisi Trieste, Italia, na kuna AWARD ya Nairobi iliyoanza 2008 kwa ajili ya wanawake wa utafiti wa kilimo. Ila hayo ya mbele.

Tuje kwenye pepa. Hapa umesema nikwambie ukweli hata ukiuma, haya kaa vizuri.

Kukusanya data peke yake, hata kwa jasho, hata kwa misimu miwili, kwa taratibu za majarida mengi hakukupi haki ya jina pale juu. Kanuni zinazofuatwa sana ni zile za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, na ya kilimo mengi yana za kufanana nazo. Wanataka mambo manne yote kwa pamoja: uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo au kwenye kupata data au kuzichambua, uwe umeshiriki kuandika au kulirekebisha andiko kwa akili yako, uwe umepitisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kazi ikihojiwa. Wewe ulikuwa na la kwanza. Matatu yaliyobaki hukuwa nayo. Kwa hiyo supavaiza wako akisimama mbele ya kamati anaweza akapona.

Lakini, na hii lakini ishike vizuri, kanuni hizohizo zinasema mtu aliyetimiza hilo la kwanza apewe nafasi ya kushiriki hayo mengine, haifai kumnyima kuandika halafu ukasema hakuandika. Hapo ndipo alipokukosea. Na kukushukuru kwa jumla kama kundi bila jina, ilhali jina lako analijua na anaweza kuliandika, huo ni uchoyo tu, haugharimu hata shilingi. Nakubaliana na wewe kuumia.

Sasa pepa iliyotoka imetoka, kuikimbiza utachoka bure na barua ya utambulisho unaihitaji kweli, mimi sitakudanganya kwamba haki inashinda kila mahali. Nguvu yako iko kwenye pepa ijayo, ambayo haijaandikwa. Nenda naye uso kwa uso, muda ambao hajachoka, sio siku ya ripoti ya mfadhili, halafu ukitoka hapo mwandikie imeili ya kuthibitisha mliyoongea ili iwepo mahali. Iwe fupi, mfano hivi:

"Dokta, shikamoo. Kwenye data za misimu hii nimeona mashamba kadhaa ambayo dalili za majani na hali ya mizizi havilingani. Naomba ruhusa niandike rasimu ya kurasa tatu juu ya hilo nikuletee uipitie kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ikionekana inafaa kuwa pepa, ningependa tukubaliane mapema majina yatakayokuwepo na mpangilio wake. Asante."

Umeona hakuna lawama hapo, hakuna kulia. Ila ameshajua kwamba unajua.

Na hii rasimu sikupi kama janja ya kupata jina tu, ina kazi nyingine kubwa zaidi kwako. Kuna kitu watu hawakielewi kuhusu hii kazi, wanaona koti jeupe na hadubini, wanaona wewe umeinama kwenye mistari ya mihogo, wanasema huyo ndio mwanasayansi. Mwanasayansi mtafiti ukimfuatilia wiki nzima utakuta siku nyingi yuko kwenye kiti anaandika. Anaandika andiko la kuomba hela ambalo huenda likakataliwa, anaandika lingine, anaandika maombi ya kibali cha maadili, ripoti ya robo mwaka, pepa ambayo wakaguzi wawili asiowajua wameirudisha na maswali kurasa nne na mmoja wao ni dhahiri hakuisoma vizuri lakini bado unatakiwa umjibu kwa adabu, hoja kwa hoja. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoliona shamba kwa nadra. Kuna watu wanapenda fildi, wanapenda maabara, mikono yao ni ya dhahabu, ukiwaweka kwenye kuandika wanaumwa. Hao sio wajinga, ni mafundi sanifu wazuri sana na nchi inawahitaji, tena fundi sanifu mzuri wa maabara anatafutwa kuliko PHD wengine ninaowafahamu. Wewe bado hujui uko upande gani kwa sababu hujawahi kupewa nafasi ya kuandika. Barua yako inanipa matumaini lakini barua ya malalamiko kila mtu anaweza.

Kwa hiyo andika hizo kurasa tatu. Kaa na yule bibi na jirani yake. Ila kwanza angalia kama unajua kila mmoja anapanda mbegu gani, maana kuna aina kama Kiroba inayojulikana kwa kuonyesha michirizi kwenye majani huku mizizi ikihimili, inawezekana bibi anayo hiyo au ndugu yake. Halafu angalia muhogo ulivunwa na umri gani, kwa sababu uozo wa ndani unazidi jinsi muhogo unavyokaa ardhini, na wakulima wengi wameshajifunza kuvuna mapema kuukwepa, sasa kama bibi anang'oa miezi tisa na jirani anasubiri mwaka na zaidi basi umelinganisha vitu viwili tofauti ukadhani ni ajabu. Halafu rudi kwenye PCR yako uone ni kirusi kipi, maana wako wa aina mbili wanaoleta michirizi ya kahawia na ukali wao haufanani. Halafu soma wengine waliosema nini. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza 1936 na mtafiti anaitwa Storey, alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, yani ni wa kwetu kabisa, umekaa huku ukanda wa chini wa pwani miaka na miaka kabla ya kulipuka kule Uganda kwenye miinuko miaka ya 2000. Maandiko yapo mengi. Utagundua sehemu ya swali lako ilishajibiwa. Hapo ndipo utajijua, kuna mtu akikuta swali lake limejibiwa anakasirika anaacha, na kuna mtu anafurahi halafu anauliza, sasa hiki kilichobaki je? Kama ni huyo wa pili, na kama baada ya kufuta aya ileile mara kadhaa bado unataka kuirudia, basi una ugonjwa huu na hauna dawa, tutakutafutia pa kwenda.

Nikiwa hapohapo Amani nikuchomekee kitu, maana kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Watu wa Amani miaka ya 1930 walianza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, mojawapo ni ule mti wa mpira wa Ceara, wanatafuta mbegu inayohimili magonjwa. Kazi ile ikaja ikasimamishwa miaka ya 1950, watu wakatawanyika. Lakini machotara yao hayakusikia kwamba mradi umefungwa, wakulima waliyachukua, yakapita kwa majirani pingili kwa pingili, yakapewa majina ya nyumbani. Namikonga unayoisikia kule kusini ndio mojawapo, na Kaleso ya pwani ya Kenya ikaja kuonekana ni hiyohiyo, na hadi sasa watafiti wanairudia Namikonga kutafuta vinasaba vya kuhimili michirizi ya kahawia. Nani leo anamjua kijana aliyekuwa anazihesabu na kuzipa alama kule Amani? Sikuambii ili ukubali kukosa jina, nishasema hapo juu nadhani. Nakwambia uone muda wa hii kazi ulivyo, maana wewe unapiga hesabu ya Desemba.

Na Desemba yenyewe ndiyo inanileta kwenye kampuni. Mdogo wangu, umeniandikia kama mtu mwenye milango miwili, utafiti huku na kampuni kule. Mimi naona mlango mmoja. Mradi unaisha, nafasi ya masta ya kulipiwa bado huna mkononi. Ukiikataa kampuni hubaki mtafiti, unarudi nyumbani kwa baba kutuma maombi. Hauachi utafiti, utafiti ndio unakuacha, kwa muda.

Na sio wewe tu, lijue hili mapema maana litakufuata hata ukiwa daktari wa falsafa. Utafiti wetu mwingi unakula kwenye sahani za watu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, miradi ya afya na kilimo ilifungwa katikati ya msimu, watu wenye PHD zao wakaambiwa wakabidhi laptopu. Nchi za Umoja wa Afrika zilishakubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, wakalirudia hilo Addis Ababa 2007, na nchi nyingi hazijafika hapo, yetu nayo haijafika. Ukiajiriwa serikalini, mfano TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, mshahara unakuwa na uhakika na baba atalala usingizi, nafasi zinatangazwa Sekretarieti ya Ajira na wewe endelea kuomba usichoke, lakini hela ya kazi bado sehemu kubwa utaiandikia maombi. Ndio maana nimekukazania kuandika.

Kwa hiyo ningekuwa wewe kazi ya kampuni ningechukua. Milioni moja na laki mbili sio dhambi, na kujua mkulima anavyoamua kutoa hela yake mfukoni ni elimu ambayo watafiti wengi hawana, wanakuja kijijini na fomu wanauliza kipato chako ni shilingi ngapi, mtu anawaangalia tu.

Ila usisaini hivihivi. Uliza kamisheni inahesabiwa kwenye mauzo au kwenye hela iliyoingia, maana wenye maduka ya pembejeo wanakopa na wewe ndio utatumwa kudai. Uliza mafuta ya pikipiki ni ya nani, nayo isomeke kwenye mkataba. Uliza kama wana watu wa majaribio na usajili, kwa sababu kiuatilifu hakiingii sokoni hapa bila majaribio na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na huko kwenye majaribio kuna kazi inayofanana na unayoifanya sasa, viwanja, marudio, alama, ripoti. Waambie wazi kwamba baada ya mwaka ungependa kusogea upande huo, uone sura zao. Na omba kuanza baada ya mavuno ya mwisho ya mradi, mwajiri anayekutaka kweli atasubiri wiki kadhaa.

Na kuna jaribu moja nakutahadharisha nalo, litakuja mapema tu. Siku moja utakuwa kwenye kijiji kilekile na sanduku la chupa nyuma ya pikipiki, na jirani wa yule bibi, mwenye mihogo iliyooza, atakuuliza nipulize dawa gani. Wewe unajua kirusi hakitibiki kwa dawa ya kupuliza, unajua ukimuua inzi mweupe wa kwake wa shamba la pili atakuja jioni, unajua dawa yake ni pingili safi za mbegu inayohimili na kung'oa mashina yenye ugonjwa. Na lengo la mauzo la mwezi halijafika. Utakachomjibu kinakuhusu wewe na Mungu wako, lakini kama kampuni itakununia kwa kumwambia ukweli basi ujue umekaa pabaya, anza kutuma sivii.

Kuhusu muda, usikae huko ukajisahau. Kila mwaka uwe na maombi ya masta ya kulipiwa yaliyotumwa, sio yanayofikiriwa. Mimi naona mtu akikaa nje ya maabara zaidi ya miaka mitatu hivi kurudi kunakuwa kugumu, sio kwa sababu ya akili, ni kwa sababu ya mshahara, unakuwa umeshazoea na posho ya mwanafunzi inaonekana matusi. Weka akiba sasa ukiwa na kipato, angalau ya kukusukuma miezi michache, maana posho za skolashipu huwa zinachelewa na mwenye nyumba hachelewi. Na unapowaandikia maprofesa usiandike natafuta skolashipu nisaidie, hizo wanafuta bila kusoma, andika aya moja ya swali lako la majani na mizizi na uambatanishe zile kurasa tatu. Ndio faida ya tatu ya hizo kurasa, unaona sasa.

Baba usibishane naye. Mwambie kazi ya kudumu nimepata, atafurahi na anastahili kufurahi, ya masta utamwambia barua ikitoka yenye neno imelipiwa. Mwalimu mstaafu akisoma kwamba mwanae amelipiwa kusoma, atalitangaza msikitini au kanisani kabla hujalitangaza wewe. Mama mwambie kiwanja apande hata mihogo kwa sasa. Mchumba sina neno naye, mwache na pikipiki.

Kabla ya Desemba dai vitu vitatu kituoni kwa upole: barua ya utambulisho iliyosainiwa ukiwa bado upo, sio ya kuahidiwa, karatasi inayoonyesha mbinu za maabara ulizofanya mwenyewe, na ruhusa ya maandishi ya kutumia zile data kwa rasimu yako. Hiyo ya mwisho usiiruke. Data ni za mradi, hata kama daftari ni mwandiko wako na tope lako, usizihamishie kwenye flashi yako ukaondoka nazo kimyakimya kwa hasira za lile pepa, hapo ndipo kesi yako nzuri itageuka mbaya. Akikataa ruhusa, niandikie tena, kuna namna ya kumpitia mkuu wa idara bila kuchoma nyumba.

Kampuni wajibu wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi, na hilo swali la mafuta ndio liwe la kwanza.